Maikrofoni ya Kifuani na Mkutano Mkuu

Mwanachama aliyeketi nyuma asiposikia makato yakisomwa, huinua mkono na kupitisha hesabu asizozijua. Kwa hiyo katibu anayetumwa kununua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo yampasa kwanza aelewe kazi yake.

Watu hukiita kipaza sauti kila chombo, na jina hilo hupotosha. Maikrofoni haipazi sauti. Huipokea na kuigeuza kuwa umeme dhaifu. Kinachopaza ni amplifaya pamoja na spika. Chama kisicho na hivyo viwili kitakuwa kimenunua chombo cha kurekodia tu. Hilo si haba kwa mwandishi wa muhtasari, lakini walio nyuma hawatasikia neno.

Maikrofoni hii hubanwa kifuani, yapata sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, nayo mikono ya msemaji hubaki huru kufungua daftari. Isifunikwe na koti wala mtandio, maana mkwaruzo wa nguo husikika kuliko maneno.

Nyingi za aina hii hupokea sauti kutoka pande zote. Katika kurekodi hiyo ni sifa, kwani msemaji akigeuza shingo sauti yake haipotei. Penye spika huwa ni taabu: sauti ya spika huingia tena katika maikrofoni, ikapazwa upya, ikazunguka hivyo hadi ukumbi ukajaa mlio mkali. Spika na ziwekwe mbele ya msemaji, zikiwaelekea wanachama; tiba hiyo haina gharama. Iko pia aina ipokeayo zaidi upande mmoja. Hiyo huvumilia spika, ila hapana budi ielekezwe mdomoni sawasawa.

Isiyo na waya humwezesha msemaji kutembea, lakini betri yake huweza kuisha katikati ya taarifa ya mapato. Ya waya ikaguliwe pini: yenye mistari mitatu kwa kawaida ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera au kinasa sauti, na simu nyingi za sasa hazina tundu lake.

Hata hivyo, chama chenye fedha ya maikrofoni moja tu kinunue ya mkononi. Ya kifuani humpa sauti mwenyekiti peke yake. Ya mkononi hupitishwa hadi kwa mwenye swali.

Katibu aende dukani na amplifaya ya chama, aijaribu maikrofoni palepale kabla ya kulipa, na stakabadhi iandikwe jina la chama, si lake.