Mwenzi Asiye na Virusi Naye Huugua



Ziko nyumba ambamo mmoja ana virusi vya Ukimwi na mwenzake hana. Hapo macho yote humwelekea mwenye virusi: amekula? Amemeza dawa? Lakini huyo mzima akishikwa na homa usiku, nyumba huingia hofu. Mke anayeuza omena Dunga hujikunyata akiwaza, "Leo zamu yangu imefika." Mume yuko macho, anajihukumu moyoni. Asubuhi hakuna anayetaja hospitali.

Hofu hiyo ina jibu, na Kisumu ni mojawapo ya miji ilikotafutwa. Kuanzia mwaka 2008, jozi 4,758 za wenzi wa namna hii wa Kenya na Uganda, karibu wote wenye ndoa, zilijiunga na utafiti. Asiye na virusi alimeza kidonge kila siku. Wengine walipewa dawa ya kinga, wengine kidonge kitupu, na hakuna aliyejua chake. Kila mwezi walipimwa.

Kidonge kitupu cha nini? Mtu mzima huugua hata asipomeza dawa yoyote. Huku ziwani malaria haina msimu, kichocho kipo majini, kuhara kupo, na mimba changa huchosha. Bila kujua watu huugua vipi kwa kawaida, kila kikohozi kingesingiziwa dawa. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2012: maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 kwa kidonge cha dawa moja, na 75 kwa kile cha dawa mbili. Magonjwa mazito yalikuwa karibu sawa katika makundi yote. Waliomeza dawa walisumbuliwa zaidi kidogo na tumbo na uchovu, hasa mwezi wa kwanza.

Basi mama, homa si hukumu. Lakini pia usiipuuze, kwani maambukizi mapya huweza kuanza kwa homa inayofanana kabisa na malaria. Pima yote mawili, na kipimo cha virusi kirudiwe kama mhudumu atakavyoelekeza, kwa kuwa mwanzoni huenda kisionyeshe kitu. Usiache dawa ya kinga kwa kubahatisha.

Nawe baba, endelea na dawa zako. Virusi visipoonekana katika kipimo, humwambukizi mkeo katika tendo la ndoa. Siku ya homa acha nyavu, mfuatane. Mwambieni mhudumu hali yenu wazi, la sivyo atapima malaria peke yake.