Firmus: Usawiri wa Mfanyabiashara Mwasi katika Historia Augusta

Makala haya yanamchunguza Firmus, mfanyabiashara anayesimuliwa kuwa aliiasi Roma nchini Misri mnamo mwaka 273, Aurelianus akiwa Kaizari. Habari zake zimo katika Historia Augusta, mkusanyo wa Kilatini wa wasifu wa makaizari unaodai kuandikwa na watu sita wa zama za Diocletianus na Constantinus. Mwaka 1889, Hermann Dessau alitoa hoja kwamba mwandishi alikuwa mmoja tu, wa mwishoni mwa karne ya 4. Wataalamu wengi wameikubali hoja hiyo, na tangu hapo Firmus amesomwa zaidi kama mhusika wa kubuni.

Mwandishi anamjenga kwa mali. Nyumba yake imepambwa kwa vioo vya mraba vilivyogandishwa kwa lami. Karatasi zake za mafunjo ni nyingi hata anajigamba kwamba angelisha jeshi kwa mafunjo na gundi. Merikebu zake huenda India, naye ana pembe mbili za ndovu zenye urefu wa futi 10. Maelezo haya yanasadikika kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwapo: Periplus ya Bahari ya Eritrea, ya karne ya 1, inataja pembe za ndovu zilizouzwa kutoka Rhapta, pwani ya Afrika Mashariki. Kisha inakuja chuku. Firmus anakula mbuni mzima kwa siku, na fuawe hugongwa nyundo juu ya kifua chake. Msomaji wa tendi za Kiswahili hatashangaa.

Silaha yake kuu, hata hivyo, ni nafaka. Baada ya Zenobia, malkia wa Palmyra na rafiki yake, kushindwa, Firmus anaitwaa Misri na kuuzuia ugavi uliolisha Roma. Katika tangazo analotungiwa Aurelianus, mwasi huyo ni mnyang'anyi tu. Ameshaondolewa, na wananchi wa Roma wanaambiwa wajishughulishe na michezo, mambo ya dola wawaachie watawala. Kejeli hii ni kali kuliko upanga wowote katika kisa hiki.

Aidha, mwandishi anajipinga. Katika wasifu wa Aurelianus, Firmus hana alama zozote za ukaizari. Katika wasifu wake mwenyewe, anavaa zambarau na kupiga sarafu, na marafiki wa msimulizi wanabishana iwapo alikuwa mtawala au jambazi. Mmoja wao hata anazitoa sarafu hizo kama ushahidi. Ubishi huo ni mbinu ya kisanaa: msomaji anayepima Firmus alikuwa nani husahau kuuliza iwapo aliishi.

Zosimus, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika takriban mwaka 500, anataja kwamba Aurelianus aliwatiisha watu wa Aleksandria walioasi. Hamtaji mfanyabiashara yeyote. Tofauti hii ndiyo yenye uzito. Kwa Zosimus wanaoasi ni watu wa mji. Katika Historia Augusta uasi huohuo ni wa tajiri mmoja mlafi, na malalamiko ya umma hayana pa kusikika. Nalo jina? Nyaraka za mafunjo za zama hizo zinamtaja Claudius Firmus, ofisa mkubwa wa Kirumi nchini Misri. Huenda mwasi huyu aliazimwa jina la mtumishi wa dola ileile anayosimuliwa kuiasi.