Kuunganisha Runinga na Intaneti ya Nyumbani Bila Waya

Tuchukulie kaya moja katika Kata ya Bukiriro, wilayani Ngara. Msimu wa kahawa umekwenda vizuri na familia imenunua runinga janja. Nyumbani hakuna waya wa intaneti uliovutwa. Intaneti iliyopo ni ile ya simu ya mama. Jioni runinga inaunganishwa na simu hiyo, watoto wanatazama katuni, na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kifurushi kilichonunuliwa kwa wiki nzima kimekwisha. Familia inaamini imeibiwa.

Mara nyingi haikuibiwa. Runinga inapopokea intaneti kwa njia ya waifai, kwa kawaida haitambui kuwa nyuma yake kuna kifurushi chenye kikomo. Huchagua picha ya ubora wa juu kadiri kasi ya mtandao inavyoruhusu, na video moja ikiisha huanzisha nyingine yenyewe. Kwa makadirio, saa moja ya video yenye ubora wa 480 hutumia GB 1 au pungufu. Yenye ubora wa 1080 hufikia GB 3 hivi. Kwa hiyo kifurushi cha GB 5 kinachoweza kutosha saa tano au zaidi kwa ubora wa kwanza hakimalizi hata saa mbili kwa ubora wa pili. Kwa runinga ya inchi 32 inayotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, tofauti ya picha ni ndogo kuliko tofauti ya gharama.

Kabla ya yote, mtumiaji ahakikishe kuwa runinga yake ina waifai. Si kila runinga bapa ni runinga janja, na tumekwisha kuona maboksi yenye maneno mengi kuliko uwezo wa kifaa kilichomo. Mwombe muuzaji aiunganishe na simu yako palepale dukani. Runinga isiyo na uwezo huo lakini yenye tundu la HDMI inaweza kuongezewa kifaa kidogo cha kuchomeka.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi fupi. Katika simu, fungua mipangilio, washa huduma ya kugawa intaneti (hotspoti), na uweke nywila isiyo rahisi kubahatishwa. Katika runinga, fungua mipangilio ya mtandao, chagua jina la simu yako, andika nywila hiyo. Mwenye ruta hufuata hatua zilezile kwa kutumia jina na nywila vilivyobandikwa chini ya ruta, kisha abadilishe nywila hiyo.

Jina la simu lisipoonekana kwenye runinga, usikimbilie kwa fundi. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha waifai kwa gigahezi 2.4 au 5, ilhali runinga nyingi za bei nafuu hupokea 2.4 pekee. Badilisha simu irushe kwa 2.4. Masafa hayo pia hupenya vizuri zaidi kuta za matofali ya kuchoma, ingawa kasi yake ni ndogo.

Baada ya kuunganisha, na kabla ya kuwakabidhi watoto rimoti, fanya mambo matatu: punguza ubora wa video, zima uchezaji wa kujiendesha, na zima masasisho ya kujiendesha ya programu za runinga. Hilo la mwisho husahaulika, kwa kuwa masasisho hupakuliwa bila kelele. Kumbuka pia kwamba ujumbe wa kuonya kuwa kifurushi kinakaribia kwisha huja kwenye simu, si kwenye runinga. Na kwa taarifa ya habari, kisimbuzi hakihitaji intaneti.

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na karibu na mpaka simu huweza kunasa mnara wa nchi jirani. Ikiwa huduma ya kutumia mtandao wa nje, yaani romingi, imewashwa, runinga itaendelea kuonesha picha huku salio likikatwa kwa bei nyingine kabisa. Izime, na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Ukiwa bado na shaka juu ya makato, tazama katika mipangilio ya simu matumizi ya intaneti. Simu nyingi huonesha kando kiasi kilichogawiwa vifaa vingine. Kikiwa kidogo kuliko kilichokatwa, andika tarehe, saa na kiasi, hifadhi ujumbe wa ununuzi wa kifurushi, na uwasilishe malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako. Dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.