Mafua Yamekwisha, Moyo Je?

Januari 2022, beki wa Bayern Munich, Alphonso Davies, aliugua UVIKO-19. Alikuwa na miaka 21, na mbio zake zilikuwa gumzo Ulaya nzima. Uchunguzi wa baada ya ugonjwa ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imevimba kidogo. Akapumzishwa, na hakucheza tena hadi Aprili.

Familia ya kawaida haina daktari wa timu. Homa ikishuka, baba anarudi kubeba zege, kijana anarudi uwanjani, na anayehema kwa kupanda ngazi mbili tatu anaambiwa ni uchovu tu wa ugonjwa.

Virusi vinavyoweza kufika kwenye moyo si vigeni. Vimo vya mafua makali, vya UVIKO-19, vya UKIMWI, na vile vya jamii ya Koksaki ambavyo watoto huambukizana kwa urahisi. Vikiingia kwenye misuli ya moyo huharibu chembe zake, kisha kinga ya mwili, katika kuviwinda, huijeruhi misuli hiyohiyo. Wengi hupona bila hata kujua. Kwa wengine hubaki kovu, moyo ukapanuka na kulegea, ukashindwa kusukuma damu ya kutosha.

Dalili huja siku chache au wiki kadhaa baada ya homa, mafua au kuharisha: kifua kuuma, moyo kwenda mbio mtu akiwa ameketi, pumzi kukatika, kushindwa kulala bila kurundika mito. Miguu huvimba, ukibonyeza kinabaki kishimo. Ni rahisi kudhani ni pumu au nimonia. Aliyezirai, au anayepigania pumzi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mtoto mchanga hawezi kusema, lakini ananyonya kidogo na kuacha, anatoka jasho akinyonya, na anahema harakaharaka.

Hospitalini mgonjwa aseme wazi kwamba aliugua homa hivi karibuni. Ni habari ndogo inayomsaidia sana daktari. Atapimwa damu, umeme wa moyo na eko, yaani picha ya moyo ukiwa unapiga. Antibayotiki haziui virusi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hujinunulia kama pipi, zinaweza kuuzidishia mzigo moyo uliochoka, kwa hiyo zisimezwe bila ushauri wa daktari. Pombe iachwe. Mazoezi na kazi nzito husimamishwa, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 6, mpaka vipimo viruhusu. Kijana akijisikia ana nguvu bado si ruhusa: moyo wenye uvimbe unaweza kuvuruga mapigo ghafla katikati ya mbio.

Anayeishi na VVU asikatishe ARV, maana zinaulinda na moyo pia. Nyumba yenye mtoto mgonjwa nayo ina kazi yake: virusi vya Koksaki huweza kuendelea kutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa baada ya homa kwisha. Anayebadilisha nepi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, hata kama mtoto ameshaanza kucheza.