Damu Hurudi kwa Majuma, Kinga Hurudi kwa Miaka
Somo kwa wazazi na watumishi wa zahanati kuhusu mtoto aliyepandikizwa uloto

Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza uloto wagonjwa wazima wenye saratani ya damu iitwayo maieloma, kwa kutumia seli zao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu kwa seli za ndugu zao. Katika saratani za damu za watoto, tiba hii huhitajika hasa pale lukemia inaporudi baada ya tibakemikali, na wapo waliolazimika kuifuata hadi India.

Popote ilipofanyika, tiba hiyo ina sehemu ya pili ambayo haifanyiki hospitali ya rufaa. Sehemu hiyo hufanyika nyumbani. Tumchukulie mtoto wa miaka saba anayerejea Muyama, kwenye nyanda za juu za Kigoma, mamia ya kilomita kutoka Dodoma. Amenenepa, nywele zimeanza kuota, na vipimo vya damu vinapendeza. Majirani wanasema amepona. Somo hili linaeleza kwa nini kauli hiyo ni ya mapema.

Kinachotokea mwilini

Kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali, na pengine mionzi, ili kuua seli za saratani na kuufuta uloto wake. Kisha seli shina za mchangiaji huingizwa kupitia mshipa, kama anavyoongezewa damu. Seli hizo hujitafutia njia hadi ndani ya mifupa na kuanza kuzaa damu mpya.

Za kwanza kurudi ni nyutrofili, askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria na fangasi. Kwa kawaida huonekana kati ya juma la pili na la nne. Zikizidi 500 katika kila mikrolita ya damu kwa siku tatu mfululizo, twasema uloto umeshika. Hiyo ndiyo habari njema ambayo familia huisubiri wodini.

Lakini mbegu kuota si kuvuna. Kinga ina kundi jingine, limfosaiti, lenye kazi ya kumtambua adui na kumkumbuka. Limfosaiti B, zinazotengeneza kingamwili, huchukua miezi sita hadi mwaka na zaidi kurejea. Limfosaiti T, ambazo huziua seli zilizokwisha kuambukizwa na virusi na kuziongoza B, hurudi kwa njia mbili. Baadhi huja pamoja na pandikizi na kuongezeka upesi, lakini zinawajua maadui wachache tu. Nyingine huzaliwa upya, na hizo sharti zipitie kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo hufunzwa kumtofautisha mwenyeji na mgeni. Mafunzo hayo huchukua mwaka mmoja hadi miwili.

Hapa watoto wana bahati kuliko wazee. Thaimasi ni kubwa utotoni na hunywea kadiri umri unavyosonga, hivyo mtoto huijenga upya kinga yake vizuri zaidi. Hata hivyo, tezi hiyo huweza kujeruhiwa na mionzi, na dawa, na ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji, ambapo seli za mchangiaji huushambulia mwili uliozipokea. Mtoto mwenye ugonjwa huo hupewa dawa za kudhoofisha kinga, na safari yake huwa ndefu zaidi.

Kadi ya kliniki imefutika

Pamoja na uloto wa zamani, mtoto hupoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu ya chanjo alizopata akiwa mchanga. Kadi yake inaonyesha chanjo zote, lakini mwili wake hauzikumbuki. Hupoteza pia ule ustahimilivu wa malaria ambao watoto wa maeneo yenye malaria huujenga kwa kuumwa mara kwa mara. Malaria ambayo zamani ilimlaza siku mbili sasa inaweza kumuua.

Kwa hiyo chanjo huanza upya. Ile ya nimokoka, inayokinga nimonia, huweza kuanza miezi mitatu hadi sita baada ya kupandikizwa. Za pepopunda, dondakoo, kifaduro, homa ya ini B na polio ya sindano hufuata kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, kama surua na rubela, hungoja angalau miezi 24, tena kwa idhini ya daktari, mtoto akiwa ameacha dawa za kudhoofisha kinga. BCG na matone ya polio hapewi.

Ndugu zake wapewe chanjo zao zote, ikiwamo ya surua, kwa kuwa wao ndio ukuta wake. Matone ya polio yana tahadhari: virusi vyake hai hutoka kwa kinyesi cha mtoto aliyepewa na huweza kumfikia ndugu asiye na kinga. Kampeni ya matone ikifika kijijini, mzazi amweleze mchanjaji hali ya nyumba, na zahanati iulize hospitali iliyopandikiza.

Nyumbani na zahanati

Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Maji na maziwa yachemshwe, na nyama iive kabisa. Akae mbali na anayekohoa muda mrefu mpaka huyo apimwe kifua kikuu. Akikutana na mwenye surua au tetekuwanga, taarifa itolewe siku hiyohiyo, hata kabla ya dalili. Kotrimoksazoli na dawa za kuzuia virusi zisikatizwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Dawa za miti shamba zisitumike, kwa kuwa nyingine hugongana na dawa za kudhoofisha kinga.

Jambo moja lazidi yote. Joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata usiku wa manane. Lipimwe kabla ya kumpa parasetamoli, ambayo huficha homa. Mtumishi wa zahanati apime malaria, lakini kipimo kikiwa chanya kisifunge uchunguzi: bakteria waweza kuwamo damuni wakati huohuo. Dozi ya kwanza ya antibiotiki isingoje usafiri wa rufaa. Ndiyo maana mtoto arejee nyumbani na barua yenye majina ya dawa zake, antibiotiki ya kuanzia, na namba ya simu ya wodi, na nakala yake ibaki zahanati.

Katika kliniki yangu huwaambia wazazi kwamba mtoto huyu ana siku mbili za kuzaliwa, na ile ya pili ndiyo tunayohesabia chanjo. Mganga wa zahanati anayeihesabu pamoja nao ni mmoja wa wanaomtibu saratani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nyutrofili zikirudi hatusemi kinga imerudi?
2. Ni chanjo zipi hungoja miezi 24, na kwa nini?
3. Mtoto aliyepandikizwa miezi minane iliyopita ana joto la nyuzi 38.5 na kipimo cha malaria ni chanya. Taja hatua zako za saa ya kwanza.