Kutoka Kabuga hadi Akagera: anzeni na korongo

Mkazi wa Kabuga ana bahati asiyokuwa nayo mwenzake wa Nyamirambo: akianza safari ya mbuga ya Akagera, foleni ya mjini iko nyuma yake. Lakini ukiwa na watoto wadogo, usikimbilie simba. Wapeleke kwanza Umusambi Village, upande huu huu wa mashariki mwa Kigali. Wanaishi pale korongo taji waliokuwa wakifugwa kinyume cha sheria mahotelini na majumbani kama mapambo. Wengine mabawa yao yaliharibiwa na hawataruka tena. Wenzao wazima walirudishwa porini, Akagera. Mtoto akiwaona, hahitaji hotuba. Na atajizoesha kunyamaza na kutembea taratibu, ustadi ambao wengi hufika mbugani bila kuwa nao.

Kwa Akagera penyewe, ngojeni likizo kubwa ya shule. Julai na Agosti ni kiangazi, nyasi zimepungua na wanyama husogea kwenye maji. Epukeni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, barabara hazipitiki. Ondokeni saa kumi alfajiri, mpite Rwamagana na Kayonza, kisha Kabarondo mkate kuelekea lango la kusini. Dereva asishindane na saa. Kamera za mwendo, zile tunazoziita Sofia, ni nyingi.

Njiani wasimulieni watoto wanakokwenda. Simba walitoweka kabisa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, hadi 2015 walipoletwa saba kutoka Afrika Kusini. Faru weusi wakafuata 2017. Mtoto anayejua hayo hatalalamika asipomwona simba, atatafuta nyayo.

Wavisheni rangi ya udongo au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi huwavuta mbung'o, na kuumwa kwao kunaweza kuharibu siku nzima. Chakula kiwe ndani ya vyombo au karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008. Darubini moja kwa kila watoto wawili inatosha, ila mpange zamu kabla ya kuondoka. Bebeni vitambulisho vya wote, kwa kuwa kiingilio hutegemea uraia na ukaazi.

Wengi huingia kusini na kutokea kaskazini kwa siku moja. Kwa watoto wa chini ya miaka saba siwashauri kabisa: ni kutwa nzima kwenye gari linaloruka mashimo, na kurudi nyumbani ni usiku. Bakini kusini, mchukue mtumbwi wa injini katika Ziwa Ihema, mliouagiza mapema. Mle viboko na mamba huonekana kwa karibu, na watoto wanapumzika kutokana na mtikisiko wa gari. Mkiwa ufukweni, msishuke garini wala kutandika mkeka popote isipokuwa mahali mlipoonyeshwa na mhifadhi. Kiboko aliyetoka majini akikuta njia yake imezibwa, hazunguki.