Punje za Ngano Kwenye Sataranji: Somo la Namba Moja Kubwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo tuitazame namba hii yenye tarakimu 20:

18,446,744,073,709,551,615

Inatoka wapi? Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu wa watu mashuhuri aliyefariki mwaka 1282, amesimulia kisa cha Sissa, anayesemekana kubuni sataranji. Mfalme wa India alipotaka kumtunza, Sissa aliomba ngano tu: punje 1 katika chumba cha kwanza cha ubao, 2 katika cha pili, 4 katika cha tatu, hivyo hivyo mara mbili mbili hadi chumba cha 64. Mfalme aliliona ombi dogo. Ilipopigwa hesabu, ghala zake hazikutosha.

Njia ya al-Biruni

Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliikokotoa jumla hii katika kitabu chake al-Athar al-Baqiya. Hakuhitaji kujumlisha vyumba vyote 64. Alitumia kanuni mbili:

1. Jumla ya vyumba ulivyopita ni pungufu kwa 1 tu ya chumba kinachofuata. Mfano: 1 + 2 + 4 = 7, na chumba cha nne kina 8.

2. Ukizidisha idadi ya chumba kwa yenyewe, umbali wako kutoka chumba cha kwanza unakuwa maradufu. Chumba cha 3 kina 4; 4 × 4 = 16, ambayo ni idadi ya chumba cha 5. Tena 16 × 16 = 256, chumba cha 9.

Ukiendelea unapata 65,536 (cha 17), 4,294,967,296 (cha 33), kisha 18,446,744,073,709,551,616, ambacho kingekuwa chumba cha 65. Toa 1, umemaliza.

Sifa zake

Ni namba witiri. Inaishia na 5, basi inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 87, basi inagawanyika kwa 3. Ukiichambua yote, ni zao la namba tasa saba:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Funzo

Safu nzima ya kwanza ya ubao ina punje 255, konzi moja tu. Hapo ndipo mfalme alipodanganyika, na ndipo tunapodanganyika wanafunzi kwa mikopo ya riba. Chukua 100,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni: mwezi wa nane deni limepita 200,000, na mwaka ukiisha limepita 313,000. Aya ya 130 ya Surat Aal Imran inakataza riba ya ziada juu ya ziada. Riba ni haramu hata ikiwa kidogo. Hesabu inatuonyesha tu kidogo hicho kinaelekea wapi.

Jipime

1. Thibitisha kwamba safu ya kwanza ina punje 255.
2. Vyumba 32 vya kwanza vina punje ngapi? Tumia njia ya al-Biruni.

Wabillahi tawfiq.